Kisado cha Kwanza

Husna alirudi nyumbani saa tisa na nusu, wakati wenzake ndiyo kwanza wanakaa tuisheni. Hakusalimia. Aliweka begi juu ya mkeka, akachutama karibu na mama yake, Mwanaidi, kwenye beseni, akaanza kuosha ming'oko, mizizi ya porini ya kuchemsha, kama mtu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo.

"Mbona mapema?" Mwanaidi alimuuliza.

"Mwalimu kasema nije na kisado."

"Kakwambia wewe peke yako au mbele za watu?"

"Kasema, 'Ambao visado vyao bado, wawapishe wenzao wakae.' Tukatoka kumi na tisa. Zaina alianza kunicheka, kumbe na yeye jina lake limo."

Mwanaidi alitaka kucheka akashindwa. Pale kijijini kwao Chinyunje, ukiiacha barabara ya Mahurunga, kila mzazi alijua maana ya neno hilo. Kisado ni kindoo cha plastiki cha lita nne. Mwanafunzi wa darasa la nne akitaka kukaa tuisheni ya hisabati kwa Mwalimu Godfrey, kwao wapeleke kisado kimoja cha korosho kwa mwezi, kijazwe mpaka kitoe kichwa. Msimu wa korosho ukipita, wapeleke thamani yake. Na mtihani wa taifa wa darasa la nne ulikuwa umebakiza wiki tatu. Anayeanguka anarudia darasa, anakaa na wadogo zake.

Korosho za mwaka huu zilikuwa zimemwangusha kila mtu. Ukungu wa mwezi wa saba uliwahi, salfa ya kupulizia mikorosho ikachelewa, maua yakageuka meusi kama yamepitiwa na moto. Mume wake, Selemani, alikuwa ameokota gunia moja na robo tu, likawekwa ndani kusubiri mnada. Gunia hilo lilikuwa na kazi zake tayari: michango ya Ismaili, mtoto wao mkubwa aliyeko sekondari, deni la salfa, na bati mbili za jikoni. Kisado hakikuwemo kwenye hesabu.

"Lete daftari lako la asubuhi," Mwanaidi alisema.

"La asubuhi halina kitu, mama."

"Lilete hivyo hivyo."

Mwanaidi alimaliza darasa la saba. Hakwenda mbele, lakini hisabati zake alizijua, na sokoni hakuna aliyewahi kumpunja chenji. Alifuta mikono kwenye kanga akafungua. Ukurasa wa kwanza: tarehe, kichwa cha habari, mfano mmoja ulioanzwa, na chini yake mwandiko wa Husna: *Tutaendelea jioni.* Ukurasa wa pili hivyo hivyo. Akahesabu kurasa kumi na moja, zote zimekatwa njiani, na kila moja ina alama ya vema kwa wino mwekundu.

"Hapa umepata nini mpaka ukawekewa vema?"

"Nimenakili vizuri."

"Na anayefundisha asubuhi anasema nini?"

"Anaandika mfano, halafu anasema haya mengine tutayaona jioni."

"Na wasiokuja jioni?"

Husna alifikiri. "Hao wanaona mfano."

Mwanaidi akamwandikia chini, kwenye mchanga, kwa kidole: mia moja hamsini na sita, gawanya kwa kumi na mbili. Akarudi kwenye beseni lake. Aliponyanyua macho, mtoto alikuwa ameokota kijiti na anachora vistari vidogo vidogo, kimoja pembeni ya kingine, ulimi nje, ameshajaza nafasi ya mkeka mzima.

"Unafanya nini, Husna?"

"Nachora vijiti mia moja hamsini na sita. Nikimaliza nitavifunga kumi na mbili kumi na mbili."

Mtoto wa miaka kumi. Mwanaidi aliyamwaga maji ya beseni palepale, ming'oko ikabaki na udongo wake.

* * *

Selemani alilipokea jambo hilo kwa namna yake. Alikula kwanza, akanawa, ndipo akasema.

"Kisado sitoi. Mwalimu analipwa na serikali. Mimi nani ananilipa? Ukungu?"

"Sijakuomba kisado, baba Ismaili. Nakuonyesha daftari."

"Nimeliona. Sasa sikiliza. Leo nimekutana na mtendaji wa kijiji, Rajabu, pale kwenye ghala la chama. Rajabu anasema anachofanya mwalimu ni kangomba. Kupokea korosho kwa bakuli na kindoo, nje ya mnada, ni kangomba, hakuna jina jingine. Na wilayani wanataka jina. Anatafuta mzazi mmoja tu wa kuandika maelezo."

"Mzazi gani?"

Selemani alichokonoa meno, akatazama pembeni. "Nimemwambia wewe una maneno."

"Umenitoa mimi?"

"Nimekutaja. Kutajwa siyo kutolewa. Si unaona mwenyewe mtoto anavyochora vijiti? Huyu mtu aondoke, aje mwingine."

Mwanaidi akakusanya vyombo. Usiku alilala, lakini asubuhi alipoamka jambo alilokuwa halitaki lilikuwa limekaa kitako kifuani, nalo si la mtendaji wala la korosho. Lilikuwa lake yeye.

* * *

Jumamosi asubuhi alikwenda kwa mwalimu. Godfrey alikuwa amepanga vyumba viwili nyuma ya duka, na mlangoni palikuwa na wanawake watatu wamekaa na visado vyao vimefunikwa kanga, kama wanangoja kliniki. Mmoja wao alikuwa jirani yake, Mwajuma.

"Enhe, na wewe umekumbuka," Mwajuma alisema, akajisogeza ampe nafasi. Kisha akatazama chini. "Kiko wapi?"

"Sina."

"Sasa umekuja kukagua vyetu?"

Wale wengine wakacheka. Mwanaidi akakaa nao mpaka zamu yake ikafika, maana hakutaka aonekane anaruka foleni mikono mitupu.

Ndani, magunia yalikuwa yamepangwa ukutani mpaka usawa wa dirisha, na kitanda cha mtoto mchanga kilikuwa juu yake, kimetandikwa vizuri. Mwalimu Godfrey alikuwa kijana wa Kasulu, mrefu, shati lake limepigwa pasi mpaka kola imeanza kuchanika. Mke wake, Esta, alikuwa anasonga uji.

"Karibu, Mama Ismaili. Umekuja na..." Akatazama mikono yake.

"Nimekuja na mikono, mwalimu. Na daftari la Husna."

Alilifungua akalisoma ukurasa mmoja mmoja, kama ni la mtoto wa shule nyingine. Alipofika wa kumi na moja akalifunga.

"Mwandiko wake ni mzuri," alisema.

"Nilidhani wewe ni mwalimu wa hisabati."

Godfrey akavuta kigoda. "Mama Ismaili, asubuhi nina watoto mia moja na kumi na nane kwenye chumba kimoja. Vitabu tisa. Nikimaliza kipindi sauti imekwisha, na aliyeelewa ni yule aliyekaa puani kwangu. Jioni wapo arobaini. Jioni nafundisha kweli."

"Kwa hiyo asubuhi unafundisha uongo?"

Esta alicheka kabla hajajizuia, akageukia sufuria yake.

Godfrey hakucheka. Akanyanyuka, akatoa bahasha chini ya godoro, akamwekea karatasi mbili mapajani. "Soma, unajua kusoma. Hii ni barua ya kupanda daraja. Miaka miwili na miezi mitatu. Cheo kimepanda, mshahara umebaki chini unakitazama. Na hii ni fedha ya uhamisho. Nilitoka Kasulu na mke na vyombo kwa nauli yangu, nikaambiwa nitarudishiwa. Mtoto wangu amezaliwa hapa, anatambaa, hawajarudisha. Kinachobaki benki wakishakata cha kwao, mwezi unaisha tarehe kumi na mbili. Mimi asubuhi nafundisha kadiri ninavyolipwa."

"Waliokunyima wako mjini, mwalimu. Mbona unayemnyima ni Husna?"

Uji ulitokota. Godfrey alisema polepole, bila ukali, na hilo ndilo lililomchoma Mwanaidi zaidi:

"Kisado cha kwanza alileta nani, Mama Ismaili?"

Alileta yeye. Huu ulikuwa mwaka wa tatu. Godfrey alikuwa mgeni, anafundisha watoto wa madarasa ya mtihani kila jioni bila kuombwa na bila kulipwa, sauti inamkauka, anaendelea kwa kuandika ubaoni. Ismaili wakati ule alikuwa anayumba. Mwanaidi akajaza kisado cha korosho mpaka kikatoa kichwa, akafunika kwa kanga mpya, akampelekea. Shukrani tu, aliwaambia watu. Lakini alipofika mlangoni alisema neno moja la ziada: "Huyu wangu, mwalimu, umtazame kwa jicho lake." Wiki iliyofuata Mwajuma akapeleka cha kwake, maana naye alikuwa na mtoto. Mwezi ulipoisha, asiyepeleka alikuwa anaona aibu. Mwaka ulipoisha, asiyepeleka alikuwa anatolewa nje. Na Ismaili alifaulu, mama yake akatembea kijiji kizima kifua mbele.

"Siku ile tulikuwa tunakunywa uji kwa siku ya pili," Esta alisema bila kugeuka. "Kile kisado ndicho kilichonunua unga. Sijasahau, dada."

Mwanaidi akasimama. Alichukua daftari lake, akaaga kwa heshima, akatoka akipita katikati ya wanawake. Hakumtazama Mwajuma.

* * *

Jumapili mchana mtendaji alikuja mwenyewe, na pikipiki, na karatasi imeshaandikwa. Rajabu alikuwa mtu wa kucheka sana na kukaa sana. Alikula mihogo, akasifu chumvi, ndipo akaifungua karatasi juu ya goti.

"Ni saini tu, Bi Mwanaidi. Maelezo nimekusaidia kuyaandika, najua una kazi."

Mwanaidi aliisoma yote. Ilisema kwamba yeye, Mwanaidi binti Hashimu, amelazimishwa na kutishwa na mwalimu atoe korosho, na kwamba mwalimu anazikusanya kwa nia ya kufanya biashara ya kangomba.

"Hakunitisha."

"Hilo ni neno la kiofisi tu."

"Wala hakunilazimisha. Nilipeleka mwenyewe, kwa miguu yangu."

"Sasa ukiandika hivyo kesi itakuwa ya nani?" Rajabu alicheka. "Mama, wewe saini. Watu watakuja, magunia yatachukuliwa, mwalimu atahamishwa au atakavyofanywa, mambo yaishe."

"Kangomba ni ya anayepokea peke yake, au na anayetoa?"

Mtendaji aliacha kutafuna. "Kwa sheria, wote. Lakini hatutaki kufika huko."

"Maana Jumatatu nilimwona Bi mkubwa wako akipita na kisado, kanga ya bluu."

"Mke wangu hayumo kwenye karatasi hii."

"Naona."

Selemani alikohoa. "Mama Ismaili, saini yaishe."

"Yakiisha atakuja nani?" Mwanaidi alimgeukia. "Kabla ya huyu tulikaa mwaka na nusu bila mwalimu wa hisabati. Umesahau? Wa michezo ndiye aliyekuwa anawafundisha, wakawa wanahesabu magoli. Akiondoka huyu leo, Husna mtihani wa wiki tatu zijazo anafundishwa na pikipiki ya mtendaji?"

Rajabu alikunja karatasi yake taratibu, mara mbili, mara nne. Alipozungumza tena kicheko kilikuwa kimekwisha. "Shemeji Selemani, mwezi wa tano orodha ya wanaopata salfa inaanzia mezani kwangu. Nasema tu, ili tukumbushane."

Pikipiki ilipoondoka Selemani alimgeukia. "Umesikia? Mwaka huu ukungu. Mwaka ujao mdomo wako."

"Nimesikia. Na nitasema, baba Ismaili. Lakini sitasemea chumbani kwenye goti la mtu. Jumatano kuna kikao cha wazazi."

"Utasema nini?"

"Sijui. Nitaanza na mimi mwenyewe."

* * *

Kikao kiliitwa kwa ajili ya uji wa wanafunzi. Mwalimu mkuu, Felista, mama wa makamo aliyekuja kutoka Songea na kuzoea joto kwa shida, alikuwa na ajenda mbili na feni ya karatasi. Wazazi walijaa darasa la nne, wengine wakakaa juu ya madawati yenyewe. Rajabu alikaa mbele. Godfrey alisimama nyuma, amefumbata mikono.

Uji ulipochangiwa ukaisha, Felista akauliza kama kuna mengineyo. Mwanaidi akanyoosha mkono kama mtoto wa shule.

Hakuhutubia. Alifungua daftari la Husna akaanza kusoma. "Tarehe mbili. Kugawanya. Mfano wa kwanza. Tutaendelea jioni. Tarehe tatu. Kugawanya. Mfano wa kwanza. Tutaendelea jioni." Alisoma kurasa zote kumi na moja. Ukurasa wa tano watu walikuwa wanacheka. Wa nane hawakucheka tena. Kila mmoja alikuwa anafikiria daftari la nyumbani kwake.

"Huyu ni Husna," akasema. "Asubuhi anaonyeshwa mfano. Jioni anafukuzwa. Mtihani umebakiza wiki mbili. Na kisado cha kwanza kwenda kwa Mwalimu Godfrey nilikipeleka mimi, Mwanaidi. Hakuniomba. Nilitaka wangu atazamwe kuliko wenu."

Makelele yaliyofuata hayakuwa ya huruma. Mwajuma ndiye aliyesikika juu ya wote, amesimama, kidole mbele. "Ehe! Wako kashavuka yuko sekondari, ndiyo unakuja kutuondolea ngazi! Kisado chako kilikuwa shukrani, chetu ni dhambi?"

"Ngazi hiyo hiyo Husna wangu yuko chini yake, Mwajuma."

"Basi apande! Tafuta korosho!"

"Na wale sabini na nane ambao hawajawahi kupanda? Tuliwahi kuwaona? Hata mimi sikuwaona mpaka wangu alipoangukia kwao."

Hapo Rajabu akanyanyuka, karatasi mkononi, akasema ni vizuri jambo limefika kwenye kikao, maana ofisi yake ina utaratibu, hii ni kangomba, na kama Bi Mwanaidi yuko tayari kusaini...

"Niko tayari, mtendaji," Mwanaidi alisema. "Lakini andika upya. Andika mtoaji wa kwanza, Mwanaidi Hashimu. Chini yangu andika wote waliopeleka, na majina ya waume zao. Usibakize hata mmoja. Nikitozwa faini, nitozwe na jirani zangu."

Watu wakatazama miguu yao. Kisha mzee mmoja wa nyuma akasema kwa sauti ya chini, lakini ya kusikika, "Kalamu itaisha wino kabla hajafika kwa kanga ya bluu," na kicheko kikalipuka hadi nje madirishani. Rajabu akakaa. Karatasi akaitia mfukoni.

Ndipo Godfrey akaja mbele. Hakuwa anacheka.

"Mmemaliza kucheka? Sawa. Nikiacha visado kesho, kwangu tutakula nini? Nijibiwe hilo tu. Mama Ismaili, umesimama vizuri, umesema vizuri. Nijibu."

Mwanaidi alikuwa ameliogopa swali hilo tangu Jumamosi. Alimtazama Esta aliyekuwa mlangoni na mtoto mgongoni.

"Sina jibu lako, mwalimu," alisema. "Jibu lako liko halmashauri, na tutalifuata. Lakini Husna siyo halmashauri. Hakukunyima wewe daraja. Wanao wale mia na kumi na nane hakuna hata mmoja aliyekunyima."

"Barua za mwalimu huyu nimeandika tatu," Felista alisema, feni yake imesimama hewani. "Walimu tukiandika, tunaonekana tunalalamika. Wazazi hawajawahi kuandika hata moja."

"Sasa itaandikwa," Mwanaidi akasema. "Si ya kumshitaki. Ya kuuliza fedha yake ya uhamisho na daraja lake viko wapi. Saini za sisi wote."

"Na nani ataipeleka?" mtu aliuliza. "Barua za kijiji zinaishia kwenye droo."

Kisha Selemani, ambaye tangu mwanzo alikuwa amekaa karibu na mlango kama mtu anayetaka kuwahi kuondoka, akasimama. Alisema akitazama ukuta.

"Nitaipeleka mimi. Naenda mjini wiki hii kuhusu deni la salfa. Nauli ni ileile. Nitasubiri mpaka wanigongee muhuri kwenye nakala." Akamgeukia Rajabu. "Na salfa ya mwaka ujao, mtendaji, tutaonana mwezi wa tano."

Godfrey alitikisa kichwa. "Barua inachukua miezi. Ninyi mnadhani asubuhi nakaa tu. Njooni basi! Njooni mkae hapa muone watoto mia na kumi na nane wanavyofundishwa. Mzazi mmoja kila siku. Akija mmoja akavumilia vipindi viwili, mimi sitapokea tena kisado cha mtu."

Alisema kwa hasira, kama mtu anayewatia aibu, akiamini hakuna atakayekubali. Wengi hawakukubali. Mwajuma alisonya.

"Nitakuja kesho," Mwanaidi alisema.

* * *

Kesho yake alikwenda saa mbili kasoro, amebeba tofali la kukalia, maana viti havikuwepo. Alikaa nyuma, ukutani. Watoto walikaa watano watano kwenye madawati ya watatu, waliobaki walikaa chini, na wachache walikuwa madirishani, miguu nje. Joto la miili ile lilimpiga usoni kama la jiko la mkaa. Kabla ya nusu saa kichwa kilikuwa kinamwanga.

Akaona alichokuwa hajui. Godfrey akigeukia ubao, upande wa kulia unalipuka. Akiugeukia wa kulia, wa dirishani wanarushiana vipande vya mabibo. Mmoja analia amekanyagwa. Mwingine hana kalamu, wa tatu anataka kwenda chooni, wa nne amelala, kwao hawakula. Mwanaidi aliwaza: huyu mtu angekuwa analipwa dhahabu bado angetoka hapa sauti imekauka. Kisha akawaza tena: lakini asipolipwa, ndiyo hata hajaribu. Hayo mawili aliyaweka pamoja kifuani, yote mazito, wala moja halikulipunguza jingine.

Akanyanyuka. Aliwatoa wa dirishani akawakalisha chini mbele yake. Aliyelala akamwegemeza ukutani. Aliyekuwa na penseli mbili akamnyang'anya moja. Hakusema na mwalimu, wala mwalimu hakusema naye, lakini upande wa kulia ulipolipuka tena alikuwa ameshafika huko.

Godfrey aliandika ubaoni mfano. Akaueleza wote, mpaka chini. Akaandika wa pili, akaueleza. Jasho lilikuwa limeuchora mgongo wake. Kengele ya kipindi ililia, akaisikia, akaendelea.

"Nani atakuja kufanya huu wa tatu?"

Mikono ikanyooka, ya wale wa jioni. Aliipita yote kwa macho.

"Husna."

Mtoto alikwenda mbele akiruka miguu ya wenzake, akachukua chaki. Akasimama. Aliandika tarakimu ya kwanza, akaifuta kwa kiganja. Akaandika nyingine. Kisha mkono wake, polepole, ukaanza kuchora vistari vidogo pembeni mwa ubao, kimoja, kingine, kingine. Darasa likacheka, wa jioni zaidi ya wote. Husna akageuka kumtafuta mama yake, macho yamejaa.

Mwanaidi hakunyanyuka. Aliuma ncha ya kanga, akamtazama mwalimu. Godfrey aliangalia saa kwenye simu yake. Nje ya mlango mwalimu wa kipindi kinachofuata alikuwa ameshafika na vitabu vyake. Godfrey akayatazama yale madirisha, na kwenye dirisha la mwisho Mwanaidi naye akamwona aliyesimama hapo: Mwajuma, kisado kichwani, kimefunikwa kanga, anaelekea nyuma ya duka nyumbani kwa mwalimu. Alikuwa amesimama njiani kusikiliza.

"Nani anacheka?" Godfrey alisema. Sauti yake ilikuwa inakwaruza. "Usikae, Husna. Simama hapo hapo. Mwalimu mwenzangu, niazime dakika kumi." Akachukua dasta, akafuta ubao wote, vistari na mifano, mpaka ukabaki mweusi. "Hakuna anayetoka humu. Tunaanza upya, kutoka mwanzo kabisa, na wote wa nyuma nataka niwasikie."

Akaandika tarakimu kubwa, za kuonekana mpaka ukutani. Watoto wakaanza kuitikia, kwanza wachache, halafu chumba kizima. Pale dirishani Mwajuma alinyoosha shingo, watoto wakamziba. Akasogea kushoto, wakamziba tena. Mwishowe akakitua kisado chini, akashika nondo za dirisha kwa mikono miwili, apate kuona ubao.